Wazee wawili wa baraza moja: kuyatofautisha maradhi ya Parkinson na yale yanayofanana nayo

Bandiko la 1: Tabibu Mstaafu, Wete

Assalaam aleikum wanajamvi.

Kwa muda nimekuwa nikisoma humu nyuzi za watu wanaoeleza kwamba mzee wao "ana Parkinson", na mara nyingi nikifika mwisho wa maelezo hubaki na shaka, kwa sababu kinachoelezwa ni kuanguka ovyo, au kuzimia kila anapoinuka, au kuona watu wasiokuwepo chumbani, na si yale maradhi ya ubongo yanayoufanya mwili mzito na mara nyingi kuutetemesha, ambayo James Parkinson, tabibu wa London, aliyaandika mwaka 1817. Nilifanya kazi ya utabibu hapa Pemba kwa miaka 29. Si bingwa wa mishipa ya fahamu, na ninayoyaandika hayachukui nafasi ya bingwa. Lakini nimeishi na wagonjwa wawili katika ukoo wangu, waliokuwa wakikaa baraza moja kila baada ya sala ya alasiri, na mtaa mzima ukisema kwamba wana maradhi mamoja. Hawakuwa na maradhi mamoja, na kutojua hilo mapema kuliwagharimu wote wawili.

Wa kwanza ni kaka yangu, mkulima wa karafuu. Msimu mmoja tulikaa jamvini tunachambua karafuu na makonyo, kazi ambayo yeye aliifanya tangu utotoni bila ya kuitazama mikono yake. Nikaona kwamba anapotumia mkono wa kushoto kazi inakwenda, lakini anapohamia wa kulia huanza vizuri, kisha vidole vikawa vinafunguka nusu, halafu robo, mpaka mkono unasimama kama uliosahau ulitumwa nini. Kupungua huko kwa ukubwa na kasi ya mwendo unaorudiwa ndiyo dalili kuu ya maradhi haya, kuliko hata kutetemeka. Alipouweka mkono gotini kupumzika, kidole gumba na cha shahada vikaanza kusuguana kama mtu anayehesabu tasbihi. Alipochukua kikombe cha kahawa, mtetemeko ukakatika.

Nilipomhoji vizuri nikagundua kwamba mambo yalianza miaka mingi kabla. Aliwahi kuniuliza kwa nini karafuu za mwaka ule hazina harufu, ilhali Wete nzima ilikuwa ikinukia, nami nikacheka nikidhani ana mafua. Shemeji yangu alikwishahamia chumba cha pili kwa sababu mumewe alikuwa akipiga mateke na kupiga kelele usingizini, akipigana na watu wa ndotoni. Choo nacho kilikuwa kikimsumbua. Yote matatu, yaani kupotea kwa uwezo wa kunusa, kuzitenda ndoto na kukosa choo, yanaweza kutangulia Parkinson kwa miaka kumi na zaidi, na hakuna daktari atakayeyajua ikiwa sisi wa nyumbani hatukumwambia.

Wa pili ni ami wa mke wangu, mwalimu wa skuli mstaafu. Huyu hakutetemeka hata siku moja. Kilichoanza kwake ni kuanguka, tena kwa nyuma, kama mti uliokatwa, bila ya kujikwaa na bila ya kuzimia; aliangukia mgongo mara tatu katika mwaka wa kwanza, mara moja akiwa anafungua mlango tu. Alipokuwa akikaa hakuwa akijishusha, bali akijitupa kitini kama gunia. Mke wangu akawa analalamika kwamba ami anakula vibaya, anamwaga wali kifuani, haangalii sinia. Kumbe hakuwa akiacha kuangalia, alikuwa hawezi. Shingo yake ilikuwa imenyooka wima, uso umekodoa, nyusi zimepanda kama mtu aliyeshtushwa na habari, wakati kaka yangu ameinama na uso wake umetulia bila ya ishara yoyote.

Siku moja nilimkalisha, nikamwomba akitazame kidole changu bila ya kugeuza kichwa. Kulia na kushoto macho yalifuata, ingawa polepole. Nilipokishusha kidole kuelekea chini, macho yalibaki palepale. Kisha nikamwambia akikodolee kidole nikiwa nimekiweka mbele yake, nikamshika kichwa na kukiinua taratibu kwa nyuma: macho yakashuka yenyewe. Jambo hili lilinifunza zaidi ya kitabu. Misuli ya macho ilikuwa mizima, na mishipa inayoiendesha ilikuwa mizima. Kilichokatika ni amri inayotoka juu kwenye ubongo. Ndiyo maana ngazi zilimshinda kabla ya njia tambarare.

Maradhi hayo huitwa kwa herufi PSP, kifupi cha jina lake la Kiingereza, progressive supranuclear palsy. Yalielezwa rasmi na madaktari Steele, Richardson na Olszewski wa Toronto, Kanada, mwaka 1964, na kabla ya hapo wagonjwa wa aina hii walihesabiwa miongoni mwa wenye Parkinson, kama mtaa wetu ulivyofanya. Ndani ya ubongo ni maradhi mengine, si Parkinson. Katika Parkinson, protini inayoitwa alfa-sinukleini hujikusanya katika chembe za ubongo, na zile zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuendesha mwendo wa mwili, hufa. Katika PSP protini inayojikusanya ni nyingine, iitwayo tau, na uharibifu huenea pia kwenye sehemu zinazopokea dopamini na zile zinazoongoza macho na mizani ya mwili. Kwa hiyo levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini na tangu miaka ya 1960 ndiyo dawa kubwa ya Parkinson, kwa kaka yangu ilikuwa kama taa iliyowashwa: baada ya wiki chache alifunga vifungo vya kanzu peke yake. Ami alipewa dawa ileile kwa miezi, kipimo kikapandishwa, na hakuna kilichobadilika isipokuwa kichefuchefu. Familia ikadhani dawa ni bandia, ikabadilisha duka. Dawa haikuwa bandia.

Ninaloliomba kwenu ni kwamba msihukumu kwa mtetemeko peke yake. Tazameni mambo yalianzaje, upande gani, kuanguka kulikuja lini, na dawa ilifanya nini, kisha yaandikeni kwa tarehe. Mgonjwa wa Parkinson naye huanguka, lakini kwa kawaida ni baada ya miaka. Anayeanguka mara kwa mara tangu mwaka wa kwanza anastahili kutazamwa upya. Karibuni kwa maswali.

Bandiko la 2: Binti wa Chake

Waalaikumussalaam Tabibu, Mungu akulipe kheri. Mama yangu ana miaka 68 na ni msusi wa ukili. Tangu mwaka jana mikono yote miwili imekuwa mizito, anatetemeka kidogo, anatembea kwa hatua fupi na uso umekuwa kama wa mtu aliyekasirika, ingawa anasema hana hasira na mtu. Tuliambiwa ni Parkinson, lakini tulikuwa bado hatujaanza dawa yake. Dawa anazotumia sasa ni ya presha na sinarizini ya kizunguzungu, ambayo tunamnunulia dukani tangu miaka miwili iliyopita kwa sababu ilimsaidia sana mara ya kwanza.

Bandiko la 3: Tabibu Mstaafu, Wete

Binti yangu, umefanya vizuri kuitaja dawa, kwa sababu wengi huitaja presha na sukari tu na kuiacha ile ya dukani, wakiiona si dawa ya kuhesabiwa.

Sinarizini huzuia kazi ya dopamini, na ikitumiwa kwa miezi mingi na mtu mzima wa umri wa mama yako inaweza kuleta picha hiyohiyo uliyoieleza: uzito, hatua fupi, uso mkavu. Ndugu yake flunarizini hufanya hivyo pia, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na zaidi ya zote ni dawa za maradhi ya akili, kama haloperidoli, klopromazini na ile sindano ya flufenazini ya kila mwezi. Ishara moja inayonifanya niishuku dawa ni kwamba mikono yake miwili iliingia pamoja, ilhali Parkinson huanza upande mmoja na upande huo hubaki mbele kwa miaka. Ishara hiyo si sheria, maana wapo wanaopata madhara ya dawa upande mmoja zaidi.

Mpelekeni kwa daktari na makopo yote ya dawa ndani ya mfuko, mumuulize kama sinarizini inaweza kusimamishwa. Msitarajie mabadiliko kesho yake. Huchukua wiki, na kwa wazee miezi sita au zaidi. Wako pia ambao hawarudi kamili, kwa sababu dawa ilikuwa imefichua Parkinson iliyokuwa imejificha chini yake. Kwa wasomaji wengine: hili ni la sinarizini ya kizunguzungu. Mgonjwa wa akili asisimamishiwe dawa na familia, kwani anaweza kupata tabu kubwa kuliko uzito wa mikono.

Bandiko la 4: Kijana wa Jang'ombe

Shikamoo mzee wangu. Babu yetu ana miaka 80, anatetemeka mikono yote miwili na kichwa kinamtikisika kama anayesema hapana. Kikombe cha kahawa hakifiki mdomoni kikiwa kizima. Lakini anatembea vizuri, anakwenda msikitini mwenyewe, na marehemu dada yake alikuwa vivyo hivyo tangu tukiwa watoto. Na yeye tumhesabu humu?

Bandiko la 5: Muuguzi wa Mkoani

Naomba nimjibie Tabibu kwa hili, kwa kuwa nimewaona wengi.

Kijana, babu yako kwa maelezo hayo hana hata dalili moja ya kundi hili. Huo ni mtetemeko wa kurithi, ambao huja mkono unapofanya kazi na hutulia mkono unapolala gotini, kinyume cha ule wa Parkinson. Kichwa kutikisika nako ni ishara ya mtetemeko huohuo wa kurithi. Parkinson hutetemesha kidevu au midomo, lakini kichwa kizima ni nadra. Mpeni karatasi aandike: mwenye mtetemeko wa kurithi huandika herufi kubwa zenye mawimbi, mwenye Parkinson huandika herufi zinazozidi kuwa ndogo mpaka mwisho wa mstari zinakuwa kama sisimizi. Daktari anaweza kumpa propranololi, ikiwa hana pumu na mapigo ya moyo yanaruhusu. Tezi ya shingo nayo ipimwe, kwani ikifanya kazi kupita kiasi hutetemesha mikono.

Tabibu ameeleza kwamba mtetemeko wa kaka yake hukatika anapochukua kikombe. Ni kweli, lakini ningeongeza kwamba akikishikilia hewani kwa sekunde kadhaa unaweza kurudi, na hapo ndipo wengi hukosea wakasema ni mtetemeko wa kazi. Mwacheni akae nacho kidogo kabla ya kuhukumu.

Tena, mgonjwa wa Parkinson akitapika kwa sababu ya levodopa, asipewe metoklopramidi, kwa kuwa itamkazia mwili mnaotaka kuulegeza. Domperidoni ndiyo hutumika, kwa uangalizi wa daktari kwa mwenye maradhi ya moyo.

Bandiko la 6: Mtaalamu wa Viungo, Unguja

Nimeusoma uzi kwa heshima zote, lakini nina swali gumu kwa mleta uzi. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Anayekuja kwangu, awe na Parkinson, PSP au jina jingine, nitamfundisha kuinuka, kugeuka na kutoanguka. Maradhi haya yote hayana dawa ya kuyaponya. Kumsafirisha mzee kutoka Pemba kwa boti mpaka Unguja au Dar es Salaam, akapigwe picha ya ubongo ya MRI ili aambiwe tu kwamba maradhi yake ni mabaya zaidi ya alivyodhani, kuna faida gani?

Bandiko la 7: Tabibu Mstaafu, Wete

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na nakubaliana nawe kwa nusu. MRI si lazima kwa kila mtu. Kwa Parkinson ya kawaida picha huwa haionyeshi kitu. Katika PSP ubongo wa kati hunyauka mpaka shina la ubongo likitazamwa kwa upande linafanana na ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, kama yule ndege aitwaye chozi, lakini umbo hilo mara nyingi hukamilika wakati macho na mianguko imekwishasema kila kitu. Picha ina thamani kubwa zaidi katika kutafuta yale mengine: viharusi vidogovidogo vya presha, vinavyofanya miguu igande huku mikono ikibaki mizuri, au maji yaliyojaa kichwani, ambayo humfanya mtu atembee kama miguu imegandishwa sakafuni, ashindwe kuzuia mkojo na aanze kusahau. Huyu wa maji ana matibabu ya upasuaji, na kumkosa ni hasara kubwa.

Nusu nisiyokubaliana nayo ni hii. Jina linabadilisha kile tunachofanya, hata pale lisipoponya. Nitatoa mfano wa maradhi ya tatu, MSA (kwa Kiingereza multiple system atrophy), ambayo sehemu yake Shy na Drager wa Marekani waliieleza mwaka 1960 na jina lenyewe likaja mwaka 1969. Protini yake ni ileile ya Parkinson, alfa-sinukleini, lakini imejikusanya katika chembe nyingine za ubongo, na pigo lake kubwa ni kwenye mfumo unaoendesha mwili bila ya sisi kuamrisha: presha, kibofu, jasho, nguvu za kiume. Nilikuwa na mgonjwa wa miaka 55 aliyekuwa akizimia msikitini. Anarukuu vizuri, anasujudu vizuri, lakini akiinuka kutoka kwenye sijda kwa rakaa ya pili dunia inamzunguka na kuwa nyeusi. Kituo kimoja kilimpima akiwa amelala, kikamkuta presha iko juu, kikamwanzishia vidonge vya kuishusha. Akaanza kuzimia hata uani.

Kipimo chake hakihitaji boti. Mlaze dakika tano, pima; msimamishe, pima baada ya dakika moja na tena baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hilo ni jambo la kumwambia daktari, na ikiwa mapigo ya moyo hayakupanda huku presha ikishuka namna hiyo, basi mishipa inayoendesha presha ndiyo mbovu. Kwa huyu ilishuka kwa 48. Mkojo ulikuwa umemshinda tangu mwaka wa kwanza. Mkewe alituambia kwamba usiku anapovuta pumzi hutoa sauti kama mluzi, tofauti na mkoromo; sauti hiyo ni hatari, kwani koo linajibana, na haipatikani katika Parkinson ya kawaida ila kwa nadra. Tembea yake ilikuwa ya miguu iliyopanuliwa, kama aliye juu ya dau lenye wimbi. Levodopa ilimsaidia miezi minane, kisha ikachoka. Wapo wengi wa MSA wanaosaidika mwanzo namna hiyo, na ndiyo sababu nasema kwamba kusaidika peke yake hakutoshi kuthibitisha Parkinson. Na kutosaidika pia kusisemwe haraka: mgonjwa awe amefikishwa taratibu karibu na miligramu 1000 za levodopa kwa siku, ikiwa anastahimili, kwa mwezi au zaidi. Wengi humu walipewa robo ya kipimo hicho kwa wiki mbili wakaambiwa dawa imekataa.

Lakini MSA nayo si ya kuidhania kwa kila anayezimia. Parkinson ya miaka mingi hushusha presha pia, na levodopa yenyewe, na vidonge vya presha, na mtu asiyekunywa maji.

Bandiko la 8: Mtaalamu wa Viungo, Unguja

Nimekuelewa, na hilo la presha ninalikubali. Nami nitaanza kuwapima wangu kabla ya kuwasimamisha. Kwa upande wa PSP nakiri kwamba mazoezi ninayotoa kwa Parkinson, ya kuweka mistari sakafuni ili mgonjwa aitazame na kuivuka, hayana maana kwa mtu ambaye macho yake hayashuki.

Bandiko la 9: Mjukuu wa Makunduchi

Mimi nataka kueleza ya bibi yetu, kwa sababu sijayaona humu. Bibi alianza kwa kuona watoto wadogo wamekaa pembezoni mwa kitanda. Hawasemi, hawamdhuru, wamekaa tu, na yeye hutuambia tuwape boflo na chai. Siku nyingine yuko sawa kabisa, anakumbuka hata mahari ya kila mtoto wake. Siku ya pili yake hatujui. Wazee wakasema ni majini, akasomewa, akanyweshwa kombe, na sisi hatukuona ubaya. Baadaye mwendo ukawa mzito. Kisha akapewa haloperidoli sehemu moja ili asione watoto, na baada ya siku mbili alikuwa kama ubao: hamezi, hageuki, hasemi. Tulidhani anakata roho.

Bandiko la 10: Tabibu Mstaafu, Wete

Mjukuu, pole sana, na kusomewa hakukumdhuru. Kilichomdhuru ni ile dawa.

Haya uliyoyaandika yanalingana na maradhi ya kupotewa na akili yanayotokana na vijibonge vya Lewy, yaani vijibonge vya protini ndani ya chembe za ubongo, vinavyoitwa kwa jina la daktari Mjerumani Friedrich Lewy, ambaye aliviona mwaka 1912. Dalili zake ni kuona vitu kwa uwazi, hasa watu wadogo na wanyama. Akili kupanda na kushuka kutoka siku hadi siku. Na mwili kuwa mzito. Madaktari hutumia mpaka wa mwaka mmoja: ikiwa akili iliyumba kwanza, au pamoja na mwili, au ndani ya mwaka mmoja baada ya mwili, huita hivyo, ikiwa mtu ameishi na Parkinson kwa miaka kisha akili ikafuata, huita Parkinson yenye kupotewa na akili. Mpaka huo ni wa binadamu, ubongo wenyewe hauujui.

Wagonjwa hawa hawaistahimili haloperidoli na jamaa zake, na wengine hufa. Andikeni kwenye kadi yake ya hospitali, kwa wino mwekundu, kwamba asipewe, kwa sababu siku atakayopelekwa usiku na mtu asiyemjua, kitu cha kwanza kitakachofikiriwa ni hicho.

Kwa Mtaalamu wa Viungo: hii ndiyo faida ya jina.

Bandiko la 11: Mkulima wa Konde

Samahani kwa swali la shamba. Nimesikia kwamba mbegu za upupu zina dawa ya Parkinson ndani yake. Upupu tunao mpaka vichakani. Kweli au maneno ya barazani?

Bandiko la 12: Muuguzi wa Mkoani

Ni kweli. Mbegu za upupu zina levodopa yenyewe, wala si kitu kinachofanana nayo, na huko India zimetumiwa kwa muda mrefu sana. Lakini mbegu hazilingani. Za mti huu na za mti ule hazina kiasi kimoja, kwa hiyo hujui umempa nini. Vidonge vya hospitali vimechanganywa na kabidopa, inayozuia levodopa isiishie tumboni na damuni kabla ya kufika kichwani, na upupu hauna kitu hicho, ndiyo maana hutapisha. Anayekunywa vidonge na upupu kwa pamoja anaweza kupata mwili unaochezacheza bila ya kutaka, presha kushuka, na maruweruwe. Na ikiwa maradhi ni PSP, upupu utashindwa palepale dawa ya hospitali iliposhindwa.

Bandiko la 13: Ustadh wa Mtambwe

Na kuhusu funga? Ramadhani iliyopita jirani yetu aliacha vidonge mchana, siku ya nne tukambeba.

Bandiko la 14: Tabibu Mstaafu, Wete

Ustadh, levodopa haidumu mwilini zaidi ya saa chache, na mwenye maradhi yaliyokomaa huihitaji mara tatu, nne au zaidi kwa siku. Kuikata ghafla kunaweza kuleta kukaza kwa mwili kukubwa pamoja na homa, na hilo ni la hospitali mara moja. Aliyeko mwanzoni kabisa, anayetumia dozi chache, azungumze na daktari wake tangu Shaabani. Aliyekomaa ameruhusiwa kula kwa maradhi yake, na nyinyi masheikh mkimwambia wenyewe atasikia kuliko nikimwambia mimi. Na wakati wa kula, kidonge kitangulie chakula kwa nusu saa au zaidi, kwa sababu nyama, samaki na maziwa hushindana nacho njiani.

Limebaki moja ambalo sijaligusa. Yapo maradhi adimu ambayo mkono mmoja tu unakuwa mgeni kwa mwenyewe: unashindwa kufunga kifungo ingawa una nguvu, unatikisika ghafla, na wakati mwingine unainuka na kushika vitu bila ya kuamrishwa. Hayo ni ya sehemu ya nje ya ubongo, nimeyaona mara moja tu katika miaka yangu yote, na sitayaeleza zaidi. Na mgonjwa akiwa chini ya miaka 40, kila kitu nilichokiandika kiwekwe kando mpaka apimwe madini ya shaba mwilini, kwa sababu maradhi ya Wilson yanatibika na yakiachwa huua.

Utafiti uliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliwakuta wagonjwa wa Parkinson ambao wengi wao hawakuwahi kuambiwa wana nini. Nadhani kwetu visiwani tuna aina zote mbili: wasioambiwa, na walioambiwa siyo.

Bandiko la 15: Binti wa Chake

Assalaam aleikum tena, baada ya miezi mitano. Sinarizini ilisimamishwa na daktari wiki ileile. Mwezi wa pili mama akaanza kucheka na sura ikarudi. Mkono wa kushoto sasa ni mwepesi. Lakini nilimtazama jana akisuka: miyaa inapita vizuri kushoto, kulia vidole vinachelewa, anasimama, anavitazama, anaanza upya. Na akiuweka ule mkono mapajani unafanya kama ulivyosema, kama anayehesabu tasbihi.

Nikakumbuka habari ya karafuu za kaka yako. Jioni nilinunua kikuba cha asumini na mrehani, kibichi bado na maji ya kisimani, nikamwambia afumbe macho, nikakiweka karibu na pua yake. Akasubiri. Akaniuliza, "Kiko wapi?"

Bandiko la 16: Tabibu Mstaafu, Wete

Binti yangu, anayesumbuliwa na dawa peke yake kwa kawaida hunusa. Muulize kwanza kama ana mafua au kama pua ilimharibika zamani. Ikiwa hana, mrudishe kwa daktari yuleyule, umwambie kwamba kushoto kumerudi na kulia kumebaki, umpe tarehe ya kusimamisha sinarizini, na habari ya kikuba usiifiche ukiona haya. Muulize pia anavyolala usiku.